Siku nzima baharini bila kuona nchi kavu: mwongozo kamili wa kuifurahia meli ya kitalii

Kuna watu wakiangalia ratiba ya safari ya meli ya kitalii wanahesabu bandari tu, hapa tunashuka, pale tunashuka, alafu wakifika kwenye mstari ulioandikwa kwamba meli iko baharini siku nzima wanaupita hawausomi. Sasa hiyo siku umeilipia sawasawa na zile nyingine, na kuna safari ambazo siku za namna hiyo ndo nyingi kuliko za bandari. Ukivuka Atlantiki na Queen Mary 2 kutoka Southampton kwenda New York mara nyingi ni usiku 7 na katikati hamna bandari hata moja. Kutoka pwani ya magharibi ya Marekani kwenda Hawaii unakaa siku 4 au 5 unaona maji tu, na kurudi hivyohivyo. Kama hujajipanga utamaliza hela yako kuzunguka kwenye korido ukitafuta pa kukaa.

Kitu cha kuelewa kabla ya vyote ni kwamba siku ya bandari watu wengi wako nje, ila siku ya baharini abiria wote wako ndani kwa wakati mmoja. Na meli zimekuwa kubwa, Icon of the Seas iliyoanza kazi 2024 inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Hao wote wanasikia njaa saa ileile, wanataka jua saa ileile, wanajazana kwenye lifti saa ileile. Anayefaidi ni yule anayejua wenzake watakuwa wapi saa ngapi, yeye akaenda kwingine. Karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye hilo. (Saa ninazoandika ni za Kiswahili, saa 6 mchana ni ile ambayo kwenye ratiba ya meli utaikuta 12:00, usije ukaniambia umekosa chakula.)

Hatua ya 1: kabini ichaguliwe na tumbo lako

Ukisoma matangazo utaona kabini za juu kabisa na za mbele kabisa ndo zinasifiwa, balkoni kubwa, mandhari, sijui nini. Bahari ikichafuka hizohizo ndo zinakutesa. Meli ikipanda na kushuka mawimbi inacheza kama pembea ya ubao, walioko ncha mbili wanarushwa juu chini na aliyekaa katikati anatikiswa kidogo tu. Na kadiri unavyokwenda juu ndivyo unavyoyumba zaidi kulia na kushoto. Kwa hiyo katikati ya meli, sitaha za chini, hapo ndo pametulia. Wahenga walisema hata ukienda tezi na omo marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni kule chini tumboni mwake), na kwa mtu mwenye tumbo jepesi hayo ni maelekezo ya kuchagua kabini neno kwa neno.

Angalia pia kabini yako iko chini ya nini. Juu yake kukiwa na jiko, bafe au bwawa utaamshwa alfajiri na viti vinaburutwa. Iliyozungukwa na kabini nyingine juu na chini ndo unalala.

Kabini za ndani zisizo na dirisha watu wanazidharau lakini siku za baharini zina utamu wake, giza totoro, usingizi mzito. Shida ni kwamba hujui kama kumekucha. Washa runinga kwenye chaneli ya kamera ya mbele ya meli, zima sauti, ulale, jua likitoka huko nje chumba nacho kitapata mwanga.

Hatua ya 2: mizigo

Sitakupa orodha ndefu, nguo unajua mwenyewe. Ila kuna vitu vinavyofanya siku ya baharini iwe nyepesi. Ndoano za sumaku, kwa sababu kuta za kabini nyingi ni za chuma na sehemu ya kutundika vitu ni ndogo, ukiwa nazo nne tano kofia, mabegi na nguo mbichi vyote vinapanda ukutani. Koti jepesi la kuzuia upepo, hata kama unaenda kwenye joto, maana upepo wa sitaha ya juu meli ikiwa inatembea si mchezo. Sweta, viyoyozi vya kumbi za shoo havina huruma. Kofia yenye kamba. Darubini ndogo, nitaeleza kwa nini. Vitabu, filamu na miziki shusha kabisa kwenye simu ukiwa nchi kavu.

Usibebe pasi ya nguo, na ile soketi ya kurefusha yenye kinga ya umeme nayo usibebe, meli nyingi zinavichukua mlangoni kwa sababu ya hofu ya moto, utarudishiwa siku ya kushuka. Dawa zako zote ziwe kwenye begi la mkononi, lile kubwa linaweza kufika kabini jioni.

Na intaneti. Kama utaitaka, nunua bando la meli kabla ya kupanda, kampuni nyingi zinauza kwa bei nafuu zaidi ukinunua mapema kwenye akaunti yako. Alafu meli ikiondoka tu weka simu kwenye hali ya ndege, washa waifai peke yake. Meli zina mtandao wake wa simu unaopita kwenye setilaiti, simu yako ikiudaka tu makato yanaanza, na huo hauna uhusiano wowote na bando ulilonunua. Watu wanakuja kushtuka wakipata bili ya simu nyumbani.

Hatua ya 3: siku ya kupanda, zunguka meli yote

Kwanza mazoezi ya dharura, yamalize fasta. Hayakwepeki. Tangu Costa Concordia igonge mwamba Januari 2012 na kulala ubavu pale Italia, sheria za kimataifa zilikazwa, abiria wapya lazima wafanyiwe kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kumbuka mlio wenyewe, honi fupi 7 au zaidi alafu moja ndefu. Jua kituo chako cha kukusanyikia, jua ngazi ya karibu na mlango wako, basi.

Alafu wakati wenzako wamevamia bafe kama hawajala wiki, wewe panda mpaka sitaha ya juu kabisa uanze kushuka moja moja kwa miguu. Unachotafuta ni sehemu za kukaa zisizo na mziki. Kila meli inazo. Maktaba. Kile chumba cha mbele juu chenye vioo ambacho usiku ni disko na asubuhi hakina mtu. Ile sitaha ya chini inayozunguka meli yote ambayo viti vyake viko kivulini na hakuna baa karibu. Balkoni ndogo za nje mwisho wa korido za kabini, meli nyingine zinazo na nusu ya abiria wanashuka siku ya mwisho bila kujua. Sehemu ya watu wazima pekee, uliza kama ni bure au inalipiwa. Chagua tatu, zikariri, siku ya baharini utakuwa mfalme.

Siku hiyohiyo weka nafasi za vitu vyenye foleni, yaani mgahawa maalum, shoo zinazohitaji kubuk, spa. Wenye watoto waandikishe kwenye klabu ya watoto siku hiyo, mara nyingi wanapokea kuanzia miaka 3 na mtoto awe ameacha nepi. Na ujue kabisa meli nyingi haziruhusu mtoto wa nepi kuingia kwenye bwawa, hata zile nepi za kuogelea, kwa hiyo usimwahidi.

Hatua ya 4: usiku wa kuamkia siku ya baharini

Ratiba ya kesho inaletwa kabini jioni au inakaa kwenye apu ya meli. Ukiifungua utakuta vitu arobaini, hamsini, kila nusu saa kuna kitu, mafunzo ya dansi, chemsha bongo, bingo, mpishi anaonyesha mapishi, mhadhara wa historia, mchezo wa kukunja taulo. Hapa ndo watu wanapotea, wanataka kufanya vyote, wanakimbia sitaha ya 5 mpaka ya 15 jioni wamechoka kuliko waliokwenda kupanda mlima.

Chagua viwili, ukizidi sana vitatu. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Muda unaobaki uache mtupu kabisa, usiujaze. Mimi naamini siku ya baharini ina raha kwa sababu ya ule muda mtupu, vingine vyote unaweza kuvipata kwenye hoteli yoyote nchi kavu.

Angalia pia kama saa zinabadilika usiku huo. Ukielekea magharibi unarudisha nyuma, unaongezewa saa ya kulala, safi sana. Ukielekea mashariki unanyang'anywa, meli nyingine zinafanya hivyo mchana ili watu wasilie usingizi. Simu ikiwa kwenye hali ya ndege inaweza isijue chochote, au ikajua vibaya, kwa hiyo weka saa mwenyewe kwa mkono, au vaa saa ya kawaida ya mkononi ambayo haibishani na mtu.

Hatua ya 5: kichefuchefu, hapa tukae kidogo

Hakuna kitu kinachoharibu siku ya baharini kama hiki, na sehemu kubwa kinazuilika ukikiwahi. Chanzo chake ni ubongo kupata habari mbili zinazopingana. Sikio la ndani linahisi mwili unayumba, macho yanaona ukuta wa kabini umetulia tuli, ubongo unachanganyikiwa, tumbo ndo linalipa. Ukielewa hilo unaelewa dawa ya kwanza, ambayo ni bure, toka nje, kaa katikati ya meli, tazama ule mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Macho yakiona kinachoyumba, ugomvi unaisha. Kulala chali macho yamefungwa nako kunasaidia. Kinachozidisha ni kuinamia simu, kusoma, na kukaa ndani ukinusa harufu ya mafuta ya kukaangia.

Vidonge vya kuzuia vipo vya aina ya meclizine na dimenhydrinate, vinapatikana maduka ya dawa na mara nyingi hata kwenye meli yenyewe. Siri ni muda. Kidonge kinatakiwa kimezwe kabla, kama saa moja kabla bahari haijaanza kuchafuka, ukisubiri mpaka umeanza kutapika unakitapika nacho. Vinaleta usingizi, dimenhydrinate hasa, na pombe usichanganye. Kuna na kibandiko cha scopolamine cha kubandika nyuma ya sikio, hicho unakiweka saa kadhaa kabla na kinafanya kazi siku 3, lakini nchi nyingi ni cha kuandikiwa na daktari, na mwenye glakoma, yaani presha ya macho, asikiguse kabla hajauliza. Ukishakibandika nawa mikono vizuri maana ukijishika jicho mboni inaweza kutanuka ukawa huoni sawasawa. Wajawazito, wazee wenye dawa nyingi na watoto, ongeeni na daktari kabla ya safari, msiokote ushauri kwenye meza ya chakula.

Kwa wasiopenda dawa, tangawizi ina wafuasi wengi na inasaidia kiasi, iwe chai, pipi au kidonge. Wafanyakazi wa meli wenyewe wanaapia tofaa la kijani na biskuti kavu, ukimwambia mhudumu unajisikia vibaya ataleta hivyo bila kuuliza. Tumbo tupu ni baya, tumbo lililoshindiliwa ni baya zaidi, kula kidogo kidogo.

Na usiogope kabla ya wakati. Meli kubwa zina mapezi chini ya maji yanayotokeza ubavuni kupunguza kule kuyumba kulia na kushoto. Kupanda na kushuka kwa mbele na nyuma hayakuzuii sana, ndo maana hatua ya 1 nimeisisitizia. Ukiona vifuko vya karatasi vimepangwa kwenye reli za ngazi karibu na lifti ujue nahodha ameshasoma hali ya hewa na wewe meza kidonge sasa hivi. Dalili nyingine ni bwawa kufungwa nyavu au kumwagwa maji. Kuna safari ambazo watu wanajua kabisa wanachoendea, kama Mlango wa Drake kati ya mji wa Ushuaia kule Ajentina na Antaktika, siku kama 2 za bahari ambayo ikiamua kuwa mbaya inakuwa mbaya kweli, huko ongea na daktari mapema usibahatishe.

Hatua ya 6: asubuhi, wahi au chelewa kabisa

Ukiweza kuamka jua linapochomoza, amka. Meli yenye watu elfu tano inakuwa na watu ishirini nje, wengine wanatembea, wengine wanakunywa kahawa wamenyamaza. Tembea mizunguko, karibu na njia ya kutembelea mara nyingi kuna kibao kinachosema mizunguko mingapi ni maili moja. Upepo ukiwa mkali hamia upande wa demani, ule ambao meli yenyewe inakukinga, mabadiliko yake ni makubwa kiasi kwamba upande mmoja watu wameshika kofia na mwingine mtu anasoma gazeti.

Vitanda vya jua vya bwawani ni vita. Watu wanaamka alfajiri wanatandaza taulo na kitabu alafu wanarudi kulala mpaka saa 5. Meli nyingi zina sheria ya kuondoa vitu vilivyoachwa zaidi ya dakika 30 au 45, ila wahudumu hawapendi ugomvi na abiria. Usipigane. Kama umefanya hatua ya 3 vizuri unajua pa kwenda, na kitanda cha sitaha ya kivulini kina upepo na hakina spika juu ya kichwa.

Jua la baharini lina hila, upepo unakupoza huhisi kuungua, na maji yanarudisha miale kwako kutoka chini. Paka losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, rudia kila saa 2, hata kukiwa na mawingu.

Kifungua kinywa, kama una haraka ya kitu bafe inatosha, ila siku ya baharini huna haraka ya kitu. Ukumbi mkubwa wa chakula mara nyingi unafunguliwa asubuhi, unakaa, unaletewa, hamna kubeba sinia ukitafuta meza. Na kabla ya kula nawa mikono kwa maji na sabuni, sekunde 20. Ile jeli ya mlangoni haitoshi, norovirus ambayo ndo ugonjwa wa tumbo maarufu wa kwenye meli haifi vizuri kwa spiriti.

Hatua ya 7: mchana, cheza na saa za watu

Kati ya saa 6 na saa 7 na nusu bafe inafurika. Nenda saa 5 na nusu au saa 8 kasoro. Wakati huohuo jimu inapwaya, asubuhi usingepata hata mashine moja. Bwawa nalo linapumua watu wakienda kula, na jioni saa 11 wakienda kuoga na kuvaa linabaki karibu tupu, jua limelegea, maji bado yana joto. Hilo lisaa limoja la jioni kwenye bwawa naliweka juu ya asubuhi nzima.

Karibu na saa 6 mchana nahodha huwa anatangaza, tuko wapi, kina cha maji ni kiasi gani, upepo, mwendo. Sikiliza. Ukiambiwa mwendo ni noti 20 hiyo ni kama kilomita 37 kwa saa, unaonekana mdogo lakini haulali.

Maduka na kasino ndo siku yao hii, maana bandarini mara nyingi vinafungwa kwa sababu ya sheria za nchi husika, meli ikishatoka kwenye maji ya nchi, ambayo kwa kawaida ni maili 12 za baharini, kama kilomita 22, vinafunguliwa. Ofa ya "leo tu" kwenye maduka usiikimbilie, siku ya baharini ya mwisho utaikuta tena na pengine imeshuka. Mnada wa picha wanagawa mvinyo bure, kunywa, furahi, ukinunua nunua kwa sababu ukuta wako unaitaka, wala siyo kwa sababu mtu amekwambia bei itapanda. Semina za bure za afya kule spa, za kupimwa nyayo na nini, mwisho wake ni kuuziwa vitu. Na masaji siku ya baharini ni bei kamili, punguzo huwa linatolewa siku za bandari wateja wakiwa nje, kwa hiyo kama una hamu nayo isogeze.

Vitu vinavyostahili muda wako kwa maoni yangu ni mihadhara, hasa ya watu waliofanya kazi baharini au wanaojua mnakokwenda, ziara ya jikoni au ya chumba cha uongozaji ikitolewa, na chemsha bongo hata kama hujui kitu. Ya chemsha bongo nitarudi.

Hatua ya 8: itazame bahari yenyewe

Inachekesha mtu anavyopanda meli akatazama kila kitu isipokuwa maji. Hapa ndo darubini inafanya kazi. Kaa mbele au ubavuni sehemu ya chini kidogo, ukiwa juu sana viumbe vinakuwa vidogo mno. Pomboo wanapenda kucheza na wimbi la mbele ya meli. Kwenye bahari za joto samaki warukao wanachomoka majini wanateleza hewani mbali kuliko unavyodhani, wanakimbia meli. Nyangumi usitafute mwili, tafuta moshi mweupe wa pumzi unaolipuka alafu unapotea, ukiuona mmoja tulia hapohapo, atapumua tena. Kusini kabisa mwa dunia kuna albatrosi wanafuata meli muda mrefu bila kupiga bawa.

Jua likizama kwenye anga safi isiyo na wingu hata moja, tazama sekunde ile ya mwisho kabisa kipande cha juu kinapozama. Mara chache unaona mmweko wa kijani. Usilitazame jua kabla ya hapo, subiri kibaki kipande kidogo tu, na kwa darubini kamwe usilitazame.

Usiku tafuta sehemu yenye giza. Meli nyingi zinapunguza taa za mbele ili walioko kwenye usukani waone vizuri, kwa hiyo kama kuna sitaha ya mbele iliyo wazi usiku, hapo ndo pa nyota. Zima simu, macho yanahitaji kama dakika 20 kuzoea giza. Huko katikati ya bahari hamna taa ya mji wowote, utaona Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota, waziwazi kama anga iko safi.

Na kama meli yenu inavuka ikweta usikose sherehe yake, mtu anajivika kuwa mfalme wa bahari, wageni wanamwagiwa vitu vya ajabu, ni vurugu ya kienyeji ya mabaharia ya miaka mingi. Vaa nguo ya kuchafuka.

Hatua ya 9: watu

Siku ya baharini mkiwa pamoja asubuhi mpaka usiku mtagombana, iwe mume na mke, iwe marafiki, iwe mama na binti. Siyo dalili mbaya, kabini ni ndogo. Mkubaliane mapema kila mtu ana masaa matatu yake, mkutane sehemu fulani saa fulani, na kwa sababu simu hazipigiki kirahisi mkubaliane kwa mdomo au mwachiane karatasi kwenye kioo. Apu za meli nyingi zina meseji za ndani, jaribuni siku ya kwanza kama zinafanya kazi.

Uliyekuja peke yako, chemsha bongo ndo mlango. Timu zinahitaji watu, unaulizwa ukae nasi, kesho yake ni walewale saa ileile, siku ya tatu mnajuana majina na mnakula pamoja. Meza ya kuchangia chakula cha jioni nayo ni nzuri, ukiona imekuboa mwombe mkuu wa ukumbi akuhamishe, anaombwa hivyo kila safari na hatakuuliza sababu. Na ukiona kwenye ratiba mkutano wa marafiki wa Bill W., usidhani ni ukoo wa mtu, ni wale wa kuacha pombe, na wanakaribisha.

Wenye watoto wadogo, msiwapangie siku nzima klabuni. Asubuhi klabu, mchana kabini wapumzike kwenye ubaridi, jioni bwawa likiwa tupu.

Hatua ya 10: jioni

Usiku wa kuvaa rasmi mara nyingi unawekwa siku ya baharini kwa sababu watu wana muda wa kujiandaa. Hutaki suti, sawa, bafe na migahawa mingine iko wazi na hakuna atakayekutazama vibaya. Unataka, basi piga picha kabla ya chakula jua likiwa linazama, nje, kwa simu yako, alafu zile za mpiga picha wa meli uangalie bila presha. Shoo ikiwa na awamu mbili, ya pili mara nyingi ina nafasi zaidi, ya kwanza inajaa wenye watoto na wanaolala mapema.

Siku zikifuatana

Siku moja ya baharini kila mtu anaiweza. Kuanzia ya tatu mfululizo ndo unaona watu wanaanza kula kwa sababu hawana cha kufanya. Panda ngazi badala ya lifti, utafika kabla ya lifti na utajisikia tofauti. Badilisha sehemu, leo maktaba, kesho nje, usikae kiti kilekile. Fua nguo asubuhi mapema kama meli ina mashine za kujifulia, mchana kule kuna siasa nzito za nani kagusa nguo za nani. Na siku moja kati ya hizo lala tu, usitoke, agiza chakula kabini kama kinaletwa, huna deni na ratiba ya mtu.

Siku ya baharini ya mwisho

Mara nyingi siku ya mwisho kabla ya kushuka ni ya baharini. Asubuhi yake kagua bili yako kwenye runinga au apu, kukiwa na kosa nenda dawati la huduma saa hiyohiyo, usiku kule foleni inafika kwenye ngazi. Mwenye kutaka kumpa mhudumu wa kabini kitu cha ziada mkononi ampe siku hii, kesho asubuhi hatamwona.

Mabegi makubwa yanatakiwa nje ya mlango usiku, muda wameandika kwenye karatasi, yanabebwa na unayakuta bandarini. Kabla hujayasukuma nje hakikisha umebakiza pasipoti, dawa, chaja, na nguo za kuvaa kesho pamoja na viatu. Nasisitiza viatu. Kila safari kuna mtu anashuka na ndala za kuogea na koti la suti.